Seva ya nyumbani kwa umeme mdogo: tafuta laptopu iliyopasuka kioo

Mkuu, umeuliza uchukue Raspberry Pi (kile kikompyuta cha ukubwa wa kiganja) au ile CPU ya mtumba ya ofisini uliyoonyeshwa mjini. Unataka seva ya kutunza picha za familia, muvi za kwenye TV na kujifunzia mfumo endeshi wa Linux, na huko Nyegezi, hapa Mwanza, umeme unakatika bila taarifa. Mimi niko Buhongwa na yangu inawaka usiku na mchana. Ushauri wangu: acha zote mbili, tafuta laptopu iliyopasuka kioo, maana seva haihitaji kioo.

Tuanze na LUKU, maana hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. CPU ya zamani ya mezani, hata ikikaa tu bila kazi, inaweza kula wati 60. Kwa saa 24 na siku 30 hizo ni uniti 43. Kama uko kundi la D1, lile la uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya tozo, seva peke yake imekumalizia zaidi ya nusu na friji bado halijadai chake. Zinazozidi 75 zinapigwa 350. Aliye T1, kundi la matumizi ya kawaida, analipa 292 kwa uniti, ukiweka VAT na tozo za REA na EWURA inagonga kama 356, kwa hiyo CPU hiyo ni zaidi ya elfu kumi na tano kila mwezi. Laptopu yangu, kioo kikiwa kimezimwa, inakula wati 7 hadi 10. Wati 10 ni uniti 7 na kitu, yaani elfu mbili na mia tano hivi kwa T1. Mama watoto hajawahi kuuliza. Na huna haja ya kununua kipimo: chomoa chaja, fungua programu ya powertop, itakuonyesha betri inatoa wati ngapi.

Pi nayo inakula kidogo, sibishi. Ila haina betri. Ukishanunua chaja yake, kasha, SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) na kitu cha kuishikilia umeme ukiondoka, umeshaikaribia bei ya laptopu nzima. Ukisema uiendeshe kwa kadi ya SD, kila umeme unapokatika wakati inaandika, unacheza kamari na picha za watoto. Laptopu inakuja na UPS yake ndani, yaani betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Betri ya Wh (wati-saa) 48 iliyochoka ikabaki nusu bado inabeba wati 8 kwa saa tatu. Kama una uchaguzi, angalia ThinkPad T450, T460 au X250: zina betri ya ndani na ya nje, ya nje unaichomoa unapachika nyingine na seva wala haijui.

Hiyo betri ndiyo ya kuangalia kwa makini. Ikikaa imejaa asilimia 100 mwaka mzima kwenye chaja, inachoka haraka na inaweza kuvimba. Weka TLP, programu ya kusimamia chaji, iambie ianze kuchaji kwenye 75 na iishie 80. Ukiona pedi ya kugusa inaanza kunyanyuka, toa betri siku hiyo hiyo, usisubiri mwisho wa mwezi. Laptopu yenyewe iweke juu ya vigae au sakafu ya saruji, siyo chini ya kitanda. Kwenye faili la mipangilio la logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore ili ukifunga kifuniko isilale, na weka upower, programu ya kufuatilia betri, ili betri ikikaribia kuisha mashine ijizime yenyewe kwa utaratibu. ThinkPad nyingi zina kipengele kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) cha kuwaka chaja inapopata umeme, kiwashe.

Kuna kitu watu hawakiwazii: diski ya nje. Zile kubwa za inchi 3.5 zina chaja yake ya ukutani. Umeme ukikatika laptopu inabaki hai, diski inakufa katikati ya kuandika. Tumia ya inchi 2.5 inayojitosheleza kwa USB, au weka SSD kubwa ndani ukaachana na waya. Ruta pia itafutie kibetri cha volti 12, la sivyo seva itawaka peke yake gizani na TV haiipati.

Sasa ya kwetu huku ziwani. Wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi wanafuata taa, na feni inawavuta. Seva usiiweke chini ya balbu inayokesha wala kwenye dirisha lisilo na wavu, na uwe unaifungua kusafisha feni. Halafu radi. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi duniani, na waya wa mtandao wa shaba ukiupitisha nje kwenda nyumba ya pili umeialika ndani. Nje tumia Wi-Fi au faiba, ambayo haipitishi umeme. Ngurumo zikianza, mimi nachomoa chaja ukutani na kuiacha kwenye betri. Jaribu hilo na CPU.

Programu ni rahisi: Debian, aina mojawapo ya Linux, bila madirisha ya kubofya, Samba ya mafaili, Immich ya picha, Jellyfin ya muvi. Watoto wakiangalia kutoka kwenye seva hakuna kifurushi kinacholiwa, na ukiongeza Kiwix wanapata Wikipedia hata bando likiisha. Kama muvi zako zimebanwa kwa HEVC ya biti 10, tafuta Intel ya kizazi cha 7 kwenda juu. Chini ya hapo prosesa itahema kila TV inapodai kugeuziwa muvi iwe aina inayoweza kuisoma.

Kuifikia ukiwa nje ya nyumba, angalia kwanza IP ya WAN (anwani ya upande wa intaneti) kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani mtandao wako unawapa wateja wengi anwani moja ya nje, na kufungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) hakusaidii kitu. Weka Tailscale, inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, basi. Poti usifungue hata kama unaweza.

Ukienda kununua, beba flashi yenye Debian ya kujaribia na uombe skrini ya pembeni dukani. Ingia BIOS uhakikishe haina nenosiri, maana za maofisini nyingi zimefungwa na fundi atakwambia ni jambo dogo. Angalia afya ya betri kwa upower -d, linganisha energy-full (inachobeba sasa) na energy-full-design (ilichobeba ikiwa mpya), ndipo muanze kuongea bei.