Ukitaka kubishana nani mkali wa besiboli wa muda wote, anza na swali, usianze na jina

Huu ni mwaka wangu wa tisa Baltimore, na pale ghalani ninapofanya kazi watu wakienda break hawaongei siasa wala mishahara, wanaongea besiboli. Mi nimekulia Dar kwenye ubishi wa Simba na Yanga kwa hiyo kubishana sio kitu kigeni kwangu. Nikajifunza sheria, nikawa nasoma takwimu usiku nikitoka shifti, na baada ya miezi kadhaa nikawa na listi yangu ya kumi bora kwenye simu. Nilikuwa nimeipanga kwa homurani, yaani pale mtu anapoupiga mpira ukavuka uzio na yeye anazunguka beisi zote nne hamna wa kumzuia. Barry Bonds 762, Hank Aaron 755, Babe Ruth 714, nikashuka hivyo hivyo mpaka chini. Nikajua nimemaliza, namba si ziko wazi?

Kuna mzee pale, Mmarekani mweusi, anaendesha foklifti na amekaribia kustaafu. Akaisoma listi yote taratibu, akanirudishia simu, akauliza kitu kimoja tu, Josh Gibson umemweka wapi? Hilo jina nilikuwa sijawahi hata kulisikia.

Naandika hii kwa sababu najua Waswahili wengi walioko huku Marekani na Kanada wako pale nilipokuwa mimi, watoto wanacheza besiboli shule, majirani wanaongea besiboli, na wewe unataka kuingia kwenye stori na maneno yenye uzito. Sasa kitu cha kwanza kabisa, kabla hujataja jina lolote, mkubaliane mnapima nini. Nimeona watu wanagombana saa nzima kumbe mmoja anaongelea nani alikuwa moto zaidi kwenye kilele chake na mwenzake anaongelea nani alifanya mengi mpaka anastaafu, hayo ni maswali mawili tofauti kabisa na kila moja lina majibu yake. Mchukue Sandy Koufax, mrushaji wa Dodgers, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira. Alistaafu baada ya msimu wa 1966 akiwa na miaka 30 tu kwa sababu kiwiko kilikuwa kimeharibika, ushindi wake wote ni 165 na wapo wengi wamempita mbali, lakini ile miaka yake ya mwisho ilikuwa balaa, 1965 peke yake aliwatoa wapigaji 382 kwa straiki. Halafu mchukue Aaron. Yeye hakuwahi kufikisha homurani 50 kwenye msimu mmoja, hata mara moja, ila alicheza misimu 23, na ukimnyang'anya homurani zake zote 755 bado anabaki na zaidi ya mapigo 3,000 ya kumfikisha beisi salama, kiwango ambacho wachezaji wengi wakubwa hawakukigusa maisha yao yote. Kilele cha Koufax na urefu wa Aaron unavipimaje kwenye mizani moja? Huwezi mpaka muwe mmesema mnatafuta nini.

Kitu cha pili, na hapa ndo watu wengi wanapotea, usilinganishe namba za miaka tofauti kama bei za sokoni leo na jana. Mlinganishe mtu na wenzake aliokuwa nao uwanjani. Mfano unaopenda kunisaidia ni huu, mwaka 1930 ile National League nzima (ligi kuu ziko mbili, hiyo na American League), ukijumlisha wapigaji wote wazuri na wabovu, wastani wao wa kupiga, yaani mapigo ya kufika beisi salama ukigawa kwa mara walizohesabiwa kupiga, ulikuwa 0.303. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski aliibuka mpigaji namba moja wa American League kwa wastani wa 0.301! Yaani namba iliyompa mtu ubingwa 1968, mwaka 1930 kule National League ingemweka chini kidogo ya mtu wa kawaida. Je, wapigaji walisahau kupiga? Hapana, 1968 warushaji walikuwa wametawala, Bob Gibson wa St. Louis (sio Josh, huyu ni mwingine) aliruhusu wastani wa pointi 1.12 tu kwa mechi, mpaka msimu uliofuata ligi ikashusha kile kituta anachosimama mrushaji kutoka inchi 15 kwenda inchi 10 ili wapigaji wapate kupumua. Kwa hiyo mtu akikutupia namba muulize kwanza ni ya mwaka gani.

Na ukitumia kipimo hiki Babe Ruth hapungui, anakuwa mkubwa zaidi. Mwaka 1920, msimu wake wa kwanza Yankees, alipiga homurani 54, aliyemfuata kwenye ligi yao alikuwa na 19, na hakuna timu nyingine ya American League iliyofikisha 54 kwa wachezaji wake wote. Na huyu kabla ya hapo alikuwa mrushaji mkali kabisa wa Boston, na kwa maisha yake yote ya mpira ana ushindi 94 wa kurusha. Amezaliwa hapa hapa Baltimore 1895, watu wa mji huu hawataki mzaha naye, na mimi baada ya kuisoma hiyo 1920 vizuri nawaelewa.

Ila sasa turudi kwa swali la mzee, maana hili ndo limebadilisha kila kitu kwangu. Ligi kuu za Marekani hazikuruhusu wachezaji weusi mpaka Jackie Robinson alipoingia na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Ruth alistaafu 1935. Maana yake misimu yake yote kwenye ligi alikuwa hapambani na warushaji weusi, na sio kwamba hawakuwepo, walikuwepo, wana ligi zao, wanacheza kwenye miji hiyo hiyo na mara nyingine kwenye viwanja hivyo hivyo timu ya wazungu ikiwa imesafiri. Josh Gibson alikuwa mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, wa Homestead Grays, timu ya ligi hizo za watu weusi, alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla mlango haujafunguliwa. Mei 2024 ligi kuu ikaziingiza rasmi takwimu za ligi za watu weusi za 1920 mpaka 1948, na Gibson akapanda juu kabisa, wastani wa kupiga 0.372 juu ya Ty Cobb mwenye 0.367, na kwenye kipimo cha nguvu za mapigo 0.718 dhidi ya 0.690 ya Ruth.

Utakutana na mtu atakwambia mechi zake zilikuwa chache. Ni kweli misimu ya ligi zile ilikuwa mifupi, timu zilikuwa zinazunguka nchi nzima kwa basi kucheza mechi za kutafuta pesa ambazo haziingii kwenye hesabu, ndo maana ukipanga listi kwa jumla ya homurani kama nilivyofanya mimi, Gibson haonekani kabisa. Kipimo chenyewe kinamfungia nje mara ya pili. Tumia wastani kwa watu kama yeye, usitumie jumla. Na ukitaka ushahidi kwamba kiwango kilikuwepo kule angalia waliovuka, Satchel Paige aliingia ligi kuu 1948 akiwa na miaka 42, umri ambao warushaji wengi wako nyumbani. Willie Mays alitokea Birmingham Black Barons, Aaron alitokea Indianapolis Clowns. Huyo Aaron alipoikaribia rekodi ya Ruth alitumiwa barua za matusi na vitisho vya kuuawa, na bado Aprili 1974 pale Atlanta akapiga ya 715. Ukiijua hiyo, namba 755 huisomi tena kama zamani.

Wanajeshi wasisahaulike pia. Ted Williams alipoteza misimu mitatu mizima 1943 mpaka 1945, halafu akarudishwa vita ya Korea akakosa sehemu kubwa ya 1952 na 1953, na bado ana homurani 521. Mi siwaongezei watu namba za kufikirika, ila siwahesabii pia kama walikuwa wamelala.

Bonds. Hapa niliharibu. Nilikosana na rafiki yangu wa karibu wiki mbili hatusalimiani, na kosa lilikuwa langu, nilikuwa nabadilisha msimamo katikati ya mabishano, nikitaka kumkandia Bonds naleta habari za dawa za kuongeza nguvu anazotuhumiwa kutumia, nikitaka kumpandisha mtu mwingine wa kipindi kile kile nazinyamazia. Sema msimamo wako mapema na ubaki nao. Wangu ni huu, namhesabu alichofanya uwanjani ila namshusha kidogo. Kabla homurani zake hazijalipuka alishachukua tuzo tatu za mchezaji bora wa ligi, 1990, 1992 na 1993, na mwaka 2004 warushaji walimwogopa mpaka wakampa beisi ya bure kwa makusudi mara 120 kwenye msimu mmoja. Wapiga kura wa Hall of Fame, ile nyumba ya heshima ya magwiji wa besiboli, walimnyima mpaka 2022, mwaka wake wa mwisho kwenye kura hiyo, alipata asilimia 66 na inatakiwa 75. Mwenye msimamo mkali kuliko wangu simwoni mjinga.

Wangu wa kwanza ni Willie Mays. Swali langu mimi ni nani alijua kufanya kila kitu, na yeye alipiga homurani 660 huku msimu mmoja mzima na sehemu kubwa ya mwingine vikienda jeshini, akachukua Gold Glove 12 za ulinzi na hiyo tuzo ilianza 1957 akiwa tayari amecheza miaka kadhaa. Tafuta video ya fainali za 1954, anakimbia ameupa mpira mgongo kabisa, anaudaka juu ya bega, anageuka anarusha hapo hapo. Alifariki Juni 2024 na siku hiyo break nzima pale ghalani ilikuwa yake.

Wa pili Ruth, wa tatu Gibson, halafu Aaron, Williams, Bonds. Shohei Ohtani simweki bado japo 2024 alipiga homurani 54 na kuiba beisi 59, yaani kukimbilia beisi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, kitu ambacho hakijawahi kufanyika, maana anayeendelea kucheza mi namwacha amalize. Mzee yeye Gibson ni wa kwanza hana mjadala, baba yake akiwa kijana alikuwa anapanda treni kutoka hapa kwenda Washington kuwaona Grays pale Griffith Stadium, na stori za nyumbani kwao zilikuwa ni hizo.

Wanaonisumbua sasa ni warushaji wawili, Walter Johnson na Satchel Paige, nani akae juu ya mwenzake. Johnson ana ushindi 417 na zaidi ya mechi 100 ambazo wapinzani hawakupata hata pointi moja, Paige aliingia ligi kuu akiwa tayari mzee na bado akawafanya vijana wapige hewa. Mwenye hoja aniandikie hapo chini, ila aje na miaka.