Umepiga Windows upya ikagoma kuaktiveti? Usinunue kii kwanza

Juzi msomaji mmoja kaniandikia, laptopu yake imepigwa Windows upya na sasa kule chini kulia kwenye skrini kuna yale maandishi ya kijivu yanayomtaka aaktiveti (athibitishe kwa Microsoft kwamba Windows yake ina leseni), hata mipangilio haimruhusu kubadilisha picha ya nyuma ya skrini, na fundi kamwambia atafute hela ya kii, yaani ile namba ya leseni ya Windows. Akaniuliza anunue kii ipi nzuri. Nikamjibu usinunue chochote, tulia kwanza. Naandika hapa kwa kirefu kwa sababu hili jambo linaniuma, na najua wengi mnaosoma hapa mnataka kuzijua mashine zenu wenyewe.

Mimi yalinikuta. Laptopu yangu ilikuwa nzito, inawaka kwa kujivuta, nikaipeleka kwa fundi aipige upya. Ikarudi nyepesi kweli, ila nikiingia Settings, System, Activation naona haijaaktivetiwa. Namuuliza, ananijibu bila hata kunitazama, "hii haina leseni, lipia nikuwekee." Nikamwambia mbona ilikuwa imeaktivetiwa kabla sijaileta kwako? Akacheka, akasema we lipa tu, mambo ya kompyuta huyajui, na wateja waliokuwepo pale wakacheka naye. Kauli ile ninayo moyoni mpaka leo.

Nikaibeba mashine yangu nikaondoka. Usiku nikafungua PowerShell, sehemu ya Windows ya kuandikia amri, nikaandika hivi:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Nikabonyeza Enter, na hapohapo zikatoka herufi na namba 25, zimepangwa tano tano. Kii ilikuwemo humohumo ndani! Iko hivi, laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 8 au ya baada ya hapo, mtengenezaji huwa ameshaiandika kii kwenye chipu ya BIOS (programu ndogo inayoiwasha mashine) iliyoko kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Ufomati diski, ubadilishe SSD, uongeze RAM, yenyewe ipo palepale, haifutiki.

Sasa kama ipo kwanini Windows inakataa? Nikarudia amri ileile ila mwishoni nikaandika OA3xOriginalProductKeyDescription, ikaja "[4.0] Core OEM:DM". Hiyo Core ndiyo Home, toleo la Windows la nyumbani. Nikaangalia Windows aliyoniwekea yule bwana, nakuta Pro, toleo la kikazi. Nikajua hapahapa ndipo penye shida, maana kii ya Home haiaktiveti Pro hata siku moja, hata kama leseni yako ni halali kabisa. Flashi yake ilikuwa na Pro peke yake, ndiyo anayopiga kila mashine inayoingia pale, halafu mwenye mashine anaambiwa hana leseni.

Kutoka Pro kurudi Home hakuna njia ya mkato, ni kupiga upya. Nikahamisha mafaili yangu, nikashusha programu ya kutengenezea flashi kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe (flashi iwe ya GB 8 au zaidi), nikaanza. Haikuniuliza toleo wala kii, ilisoma kwenye BIOS ikaweka Home yenyewe. Nikaunganisha intaneti, nikafungua Activation, nikakuta Active. Bila kulipa hata senti. Mimi niliyeambiwa mambo ya kompyuta siyajui.

Kwa hiyo ndugu zangu, angalieni toleo. Kabla ya kununua, kabla ya kubishana na mtu, kabla ya kushusha krak (programu za kuaktiveti kwa wizi), angalia mashine yako ilizaliwa na toleo gani na sasa hivi ina toleo gani. Laptopu nyingine zilikuja na Home Single Language, nayo ihesabu kuwa toleo lake peke yake. Na tarehe na saa ziwe sahihi, maana betri ndogo ya BIOS ikifa tarehe inarudi nyuma miaka na kuaktiveti kunagoma.

Amri ikirudi tupu usikate tamaa. Laptopu za enzi za Windows 7 hazina kii kwenye BIOS, ila kama iliwahi kupandishwa kwenda Windows 10 ikaaktivetiwa, Microsoft wana kumbukumbu ya mazabodi yako kwenye seva zao. Piga toleo lilelile, ukiombwa kii chagua kwamba huna, unganisha intaneti uache. Ila kwa ambaye hakupandisha kabisa, tangu Septemba 2023 kii za Windows 7 na 8 hazikubaliki tena kuaktiveti 10 wala 11.

Halafu hizi krak, jamani acheni. Kuna zinazoidanganya Windows kwamba iko kwenye mtandao wa kampuni, na leseni ya aina hiyo ni ya siku 180 halafu inatakiwa ihuishwe. Andika slmgr /xpr kwenye PowerShell uone kile kiboksi kinachotokea, kama ni leseni yako halali kitasema imeaktivetiwa kwa kudumu, ukiona kimekupa tarehe ya kuisha na laptopu ni yako binafsi jua umewekewa ujanja. Na ili krak ifanye kazi unaambiwa uzime antivirusi kwanza, yaani unamfungulia mlango mtu usiyemjua kwenye mashine yenye picha za wanao na nywila za benki. Leseni umeshailipia siku uliyonunua laptopu, kwanini ujidhalilishe hivyo?

Pa kuumiza kichwa kweli ni kama mazabodi imebadilishwa. Hapo kama leseni ilikuwa imeunganishwa na akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa akaunti hiyo, nenda Activation, bonyeza Troubleshoot, uchague kwamba umebadilisha vifaa karibuni. Ikikataa kwa sababu leseni ilikuwa ya kiwandani, hapo sasa ndiyo ununue, tena moja kwa moja kwa Microsoft, na ununue ya toleo lililoko kwenye mashine.