Kadi ya zamani, Windows mpya: maswali yenu

Nimetoka Windows 7 nikaweka 10, sasa maandishi yamekuwa makubwa, video inakwamakwama. Kadi ya grafiksi (ya kuonyesha picha) ni GeForce 210. Ndo imekufa?

Haijakufa mkuu, usiitupe. Windows ikikosa draiva ya kadi (programu ya kuiendesha hiyo kadi) inaweka yake ya dharura, ingia Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows) pale Display adapters utakuta imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, hiyo kazi yake kuonyesha picha tu, mzigo wote wa video anaubeba prosesa ndo maana inakwama. Draiva ya mwisho ya Nvidia kwa kadi za rika hilo ni 342.01 ya mwaka 2016 na Windows 10 inaikubali vizuri. Shusha kwa Nvidia wenyewe, instoli, zima uwashe.

Stika ya kadi imefutika, nitajuaje ni ipi?

Hapohapo Device Manager bonyeza kadi kulia, Properties, Details, halafu chagua Hardware Ids. Utaona kitu kama PCI\VEN_10DE&DEV_0A65. VEN ni mtengenezaji: 10DE ni Nvidia, 1002 ni AMD, 8086 ni Intel, na DEV ndo kadi yenyewe, hiyo 0A65 ni GeForce 210. Tafuta namba hizo mbili mtandaoni. Nawaomba sana muanzie hapa, maana wengi mnashusha draiva kwa kubahatisha mnahangaika siku nzima na faili ambalo wala si la kadi yenu.

Kuna programu inayotafuta draiva zote yenyewe, niitumie?

Hapana dada. Mimi iliwahi kuniwekea draiva ya kadi nyingine kabisa, skrini ya bluu kila nikiwasha, nikakesha kuitoa kwenye Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya msingi tu).

Radeon HD 4650, setapu ya AMD inakataa kwenye Windows 10.

Kwanza iache Windows Update itafute, mara nyingi inaileta yenyewe. Ikishindikana, fungua lile faili la draiva kwa 7-Zip (programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa), rudi Device Manager, Update driver, chagua mwenyewe kwa mkono mpaka ufike Have Disk, uielekeze kwenye faili la .inf (lenye maelekezo ya kuweka draiva). Setapu inaweza kukataa lakini draiva yenyewe ikaingia.

Nimehamishia kadi kwenye bodi mama (motherboard) mpya, skrini nyeusi tii tangu nawasha.

Hiyo sio draiva, Windows hata hujaifikia. Kadi nyingi za zamani hazina ile sehemu ya UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta) kwenye BIOS yake, yaani programu ya kuwashia iliyo ndani ya kadi, kwa hiyo bodi haiioni. Chomeka skrini kwenye bodi yenyewe kama prosesa ina grafiksi, ingia BIOS ya bodi, zima Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwasha), washa CSM (inayoruhusu uwashaji wa kizamani). Bodi nyingine mpya hazina CSM kabisa, hapo kadi irudishe kwenye mashine ya zamani.

Na Windows 11?

Inataka kadi ya DirectX 12 (mfumo wa grafiksi wa Windows) yenye draiva ya WDDM 2.0 (muundo wa draiva za kadi za Windows). GeForce 210 inaishia DirectX 10.1, kwa hiyo baki na 10 au weka Linux, kule draiva ya nouveau (ya kadi za Nvidia) imo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, tayari, huna cha kushusha.