Leza haichomi bati la Nala, ila GPS yako inafunikika

Kijiweni tunaambiwa setilaiti za jeshi zinaweza kuchoma nyumba kwa leza. Kweli? (Nala)

Hesabu inakataa. Mwale wa leza hutanuka kadiri unavyosafiri. Tuseme leza ni ya kilowati 60, daraja la HELIOS iliyo kwenye manowari ya Marekani, USS Preble, na kioo cha kutolea mwale kina kipenyo cha sentimita 30. Kilomita 5 mbele, doa lina upana wa sentimita 4 hivi. Kila sentimita mraba inapata karibu kilowati 5, na bawa la droni linatoboka likishikiliwa hapo sekunde kadhaa. Mwale huohuo ukishuka kutoka kilomita 500, doa linafika likiwa na upana wa mita 4: kilowati 5 kwa mita mraba nzima. Jua la Dodoma saa sita mchana hutoa karibu 1. Bati litapata moto, basi.

Tena theluthi hivi tu ya umeme ndiyo hugeuka mwale. Leza hiyo itataka kilowati 180, na 120 zitabaki kama joto. Melini joto linatolewa kwa maji. Angani hakuna maji wala upepo. Kinachowezekana ni kinyume chake: leza ya ardhini kupofusha kamera ya setilaiti, maana lenzi ya kamera yenyewe ndiyo inayokusanya mwale na kuutua kwenye kihisi.

Vumbi letu la Agosti lingeizuia? (Chamwino)

Lingeidhoofisha sana. Vumbi hunyonya na kutawanya mwanga, na hewa iliyopashwa moto na mwale hugeuka lenzi mbovu inayoutanua. Kwa hiyo ukisikia DragonFire, silaha ya leza ya Uingereza, inafyatua kwa chini ya pauni 10, kumbuka kuwa siku ya ukungu watarudi kwenye kombora. Silaha za mikroweva, zinazoharibu saketi za umeme, hazisumbuliwi hivyo na vumbi, ila mwale wake ni mpana na hauchagui saketi ya adui na yako.

Napima viwanja Iyumbu. Jioni rova (kipokezi cha GPS ninachotembea nacho) inapoteza "fix", yaani usahihi wa sentimita. Ni jeshi linavuruga GPS? (Mpima)

Swali zuri kuliko yote, ndugu, kwa sababu uvurugaji wa mawimbi ndio vita vya angani vinavyopiganwa kila siku. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu. Mawimbi yake yanakufikia yakiwa dhaifu mno, kiasi kwamba kifaa cha wati 1 tu kinayafunika kwa kilomita kadhaa.

Lakini dalili zako ni za anga ya juu. Dodoma iko karibu na ikweta, na baada ya magharibi tabaka la ayoni (hewa ya juu sana yenye chembe za umeme) hutibuka, hasa Machi–Aprili na Septemba–Oktoba, miaka ambayo Jua limechangamka. Kwenye rova, fungua ukurasa wa nguvu za mawimbi. Zikishuka setilaiti chache za upande mmoja wa anga, kisha zikarudi na kushuka nyingine, ni ayoni. Zikishuka zote kwa pamoja, tuseme kutoka 45 hadi chini ya 30 (dB-Hz, kipimo cha nguvu hizo), na ukisogea mita mia kadhaa zinarudi, tafuta kifaa cha kuvuruga. Mara nyingi huwa ni kidude kilichochomekwa kwenye gari na dereva anayemficha tajiri wake gari liko wapi.

Pima asubuhi. Weka besi (kipokezi kisichohama) ndani ya kilomita 10, washa pia setilaiti za Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China, na anza na umalizie kazi kwenye bikoni (alama ya upimaji) ambayo vipimo vyake vinajulikana. Ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 3, rudia.

Sheria inaruhusu kulipua setilaiti? (Kondoa)

Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia na za maangamizi kwenye mzingo. Kombora la kawaida haukuligusa. China ililipua setilaiti yake mwaka 2007 kwenye kimo cha kilomita 860 hivi, vikatokea vipande zaidi ya 3,000 vilivyofuatiliwa. India ililipua yake mwaka 2019 chini zaidi, karibu kilomita 280, hivyo vipande vingi vilishuka na kuungua mapema. Kimo ndicho kinachoamua vipande vitakaa juu muda gani.

Mwanangu kanunua tochi ya leza ya kijani sokoni Majengo. Ina hatari? (Mama, Area C)

Ndiyo, mama. Lebo ya miliwati 5 mara nyingi ni ya uongo, na za bei rahisi huvujisha infraredi ambayo jicho halioni wala halipepesi kuikwepa. Asimulike uso, kioo wala ndege inayotua. Kwa leo toa betri.