Soya kwa mashine kuukuu ya kupandia ngano

Ndugu, umeuliza kama mashine yako kuukuu ya kupandia ngano itafaa kwa soya. Itafaa, ila kagua kwanza inavyotoa mbegu, maana soya hupasuka upesi na iliyopasuka haioti. Panua milango ya kutolea mbegu, inua gurudumu linaloendesha utoaji wa mbegu, tandika turubai chini ya mirija ya mbegu, kisha lizungushe polepole kwa mkono. Chota mbegu kiganjani uzitazame: ukiona vipande na maganda yaliyobanduka, panua tena. Kina cha kupandia kiwe sentimita 3 hadi 5. Hapo ndipo mashine za zamani husumbua, kwa hiyo shuka ufukue mstari mara kwa mara uone mbegu imekaa kina gani. Ukitaka mistari iachane zaidi, ziba baadhi ya matundu ya kutolea mbegu. Mtama nao unapita vizuri kwenye mashine hiyo. Mahindi mimi nisingeyapanda humo.