Kipeo chenye i: anza na logi

Vijana wetu wa Lamu wanaosoma hisabati chuoni wakirudi likizo, swali wanaloniletea barazani baada ya Isha ni lile lile: 2 kwa kipeo cha i, ile nambari ambayo mraba wake ni −1, ni ngapi? Wamezoea kuwa 2³ ni 2 mara 2 mara 2, sasa wataka kujua kitu kitazidishwaje "mara i". Hakizidishwi. Ukilishika wazo hilo utakesha bure.

Mimi huwaambia hivi: kabla hujagusa kipeo, igeuze nambari ya chini iwe e (nambari ya 2.718 hivi) kwa kipeo cha logi yake, yaani logi asilia, ln. 2 ni e^(ln 2), basi 2^i ni e^(i ln 2). Hapo mwite mwanahisabati Euler, aliyechapisha mwaka 1748 kwamba e^(iθ) = cos θ + i sin θ. Kwa kuwa ln 2 ni takriban 0.693, jibu ni kama 0.769 + 0.639i. Kalkuleta iwe kwenye radiani, kipimo cha pembe ambacho mzunguko mzima ni 2π, tafadhali! Na tazama: umbali wa jibu hilo kutoka sifuri, yaani ukubwa wake, ni 1 kamili. Nambari ya chini ikiwa chanya, sehemu halisi ya kipeo, isiyo na i, ndiyo inayobadili ukubwa. Sehemu ya i huzungusha tu.

Utamu uko kwenye i^i. Ukubwa wa i ni 1, pembe yake π/2, kwa hivyo kwa Euler i ni e^(iπ/2), na logi yake ni iπ/2. Zidisha kwa i upate −π/2. Jibu ni e^(−π/2), yaani 0.2079 hivi: nambari halisi, i imeyeyuka yote.

Lakini nahodha akizungusha dau mzunguko mzima mbele ya Shela, omo hurudi kuelekea pale pale. Pembe ya i nayo yaweza kuwa π/2 + 2π, na i^i ikawa karibu 0.00039, au −3π/2, ikawa kama 111.3. Yote ni sahihi. Ndiyo maana husisitiza uandike mapema kuwa unatumia logi kuu, yenye pembe kuanzia juu ya −π hadi π.

Hata hivyo, kanuni ya (a^b)^c = a^(bc) usiiamini tena. (e^(2πi))^i ni 1^i, yaani 1 kwa logi kuu. Ukizidisha vipeo wapata e^(−2π), kama 0.0019. Ya kujumlisha vipeo, a^b × a^c, ingali salama maadamu unatumia logi ile ile ya a kote.

Na 0^i? Iache. Sifuri haina logi.