Kichwa cha trela: difu moja au mbili?
Ndugu yangu, umeuliza uchukue kichwa cha difu moja au mbili kwa safari ndefu. Difu ni gia ya ekseli ya nyuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Kama njia ni lami tupu na mzigo wa wastani, moja inatosha: gari linakuwa jepesi na linakula dizeli kidogo. Kwa matope au mzigo mzito milimani, chukua mbili bila kusita.

Ukinunua lililotumika, usidanganywe na rangi. Injini ikishapata moto na ikiwa inaunguruma, fungua mfuniko wa kujazia oili. Moshi ukisukumwa nje kwa nguvu, huenda ringi za pistoni zimechoka, achana nalo. Kisha panda kitandani ndani ya kabini, unyooshe miguu. Hiyo si anasa, utalala humo sana. Spea nazo ziwe zinapatikana njia nzima unayopita.